Kijana Mwenye Otizimu: Chakula Chake na Kazi ya Mwili Wake



Mara nyingi tunafundisha juu ya malaria, minyoo na maji safi. Leo tunataka kusema juu ya vijana ambao hatuwaoni sana hapa kliniki, kwa sababu wazazi wao wanawaficha nyumbani. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mutu asifikiri kwamba ninafundisha kama mwenye kujua yote.

Siku moja mama wa kanisa letu alinifikia na mwana wake wa miaka kumi na mine. Kijana alikuwa murefu, lakini mikono yake ilikuwa miembamba, na ufizi wake ulitoka damu. Hakunitazama machoni. Alifunika masikio kwa sababu ya vilio vya watoto wachanga, akatembea toka mulango mupaka dirisha, toka dirisha mupaka mulango. Mama akasema: “Munganga, mwaka huu wote anakula bukari ya muhogo tu. Hataki mboga, hataki maharagi, hataki tunda. Muchuzi ukigusa bukari yake, anasukuma sahani chini na kupiga kichwa chake ukutani.”

Nilimujibu kwa haraka, maana mustari wa wagonjwa ulikuwa murefu. Nilisema: “Mama, wewe unamudekeza. Umunyime bukari. Weka sombe mbele yake, na kunywa akunywe katika kikopo kama watoto wengine. Njaa itamufundisha.” Nilifikiri nimesema neno la hekima.

Siku ya tatu wakarudi. Baba alimubeba kijana mugongoni. Hakula hata kidogo siku zote hizo. Na zaidi ya chakula, alikataa maji, kwa sababu tulimunyanganya kikopo chake cha bluu. Midomo yake ilikauka, macho yaliingia ndani. Mama alikimbia nyumbani kuleta kikopo kile. Tulimupa maji ndani yake, kidogo kidogo, na jioni alikula bukari. Usiku ule niliwaomba wazazi wale wanisamehe, nikamwomba Mungu vilevile. Mambo ninayowaandikia leo nilijifunza nyuma ya siku hiyo.

OTIZIMU NI NINI?

Otizimu si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ambavyo ubongo wa mutu umejengwa tangu mwanzo wa maisha yake. Kwa Kifaransa wanaita otisme. Katika Tanzania na Kenya wengi wanaita usonji. Katika mwaka 1943, munganga Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto kumi na mumoja wa namna hii. Alitaja sita kati yao waliosumbuka sana kwa kula tangu mwanzo wa maisha. Basi tangu maandiko yale ya kwanza, jambo la chakula lilijulikana.

Mutu mwenye otizimu anaona kazi ngumu kuelewa uso na maneno ya watu. Wengine hawasemi kabisa, wengine wanasema vizuri na kujifunza mengi. Anapenda mambo yafuatane namna moja kila siku. Masikio, pua, ulimi na ngozi yake vinaweza kusikia kwa nguvu kuliko vyetu. Harufu ambayo wewe huisikii, yeye inamupiga kama moshi machoni.

Si dhambi ya wazazi, si uchawi, si chanjo. Wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu juu ya yule kipofu, ni nani aliyefanya zambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa maulizo yale. Musome Yoane sura ya 9. Ni haya kwetu kwamba mutoto asiyesema anaitwa ndoki, na wengine wanamufunga kamba au kumunyima chakula siku nyingi kwa jina la maombi. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inaazibu mutu anayemushitaki mutoto uchawi. Kufunga ni kwa mutu anayechagua mwenyewe. Kumunyima mutoto chakula si kufunga, ni kumutesa.

SABABU GANI ANAKATAA CHAKULA?

Wazazi wengi wanasema: “Ni kiburi.” Tuangalie mbele ya kuhukumu.

1. Pengine ni namna ya chakula kinywani. Sombe ina nyuzi, bamia inateleza, maharagi yana ngozi inje na unga ndani. Bukari ni namna moja toka tonge la kwanza hata la mwisho, na kijana anajua mbele ni nini kitaingia kinywani mwake.

2. Pengine ni harufu. Ndagala na makayabo vina harufu kali nyumba nzima.

3. Pengine ni maumivu. Kijana asiyesema hawezi kukuambia kwamba jino limeoza, au kwamba hakwenda choo siku tano. Anapiga kichwa, anauma mukono, anakataa sahani. Mbele ya kusema “ni tabia yake,” mulete tutazame meno, masikio na tumbo. Kufunga choo ni jambo la mara nyingi sana kwa vijana hawa.

4. Pengine ni dawa. Dawa zingine zinaondoa hamu ya kula. Zingine, kama risperidoni, zinaongeza njaa na unene. Usiache dawa wewe mwenyewe, uulize munganga.

HATARI YA CHAKULA KIMOJA TU

Kijana wa miaka kumi na miwili mupaka kumi na minane anajenga mifupa, damu na misuli ya mutu muzima. Akila kitu kimoja tu, mwili unakosa vifaa vya kujenga.

Asipopata matunda na mboga, ufizi unatoka damu, miguu inauma, na mwisho anakataa kutembea. Wanganga wa inchi tajiri wameona jambo hili kwa vijana wenye otizimu waliokula vitu viwili au vitatu tu miaka mingi. Asipopata chakula chenye vitamini A, haoni vizuri wakati wa jioni, na macho yanaweza kuharibika kabisa. Asipopata nyama, samaki, maharagi wala majani, damu yake inapunguka. Anachoka, na wengine wanaanza kula udongo. Mutoto anayekula udongo anaingiza minyoo, na minyoo inazidi kumaliza damu.

Tena iko hatari ya muhogo. Muhogo muchungu una sumu. Watu wanaokula muhogo usiolowekwa vizuri kwa majuma mengi, bila maharagi wala samaki, wanaweza kupata konzo. Munganga Trolli aliandika habari zake katika mwaka 1938 toka Kwango. Konzo inakuja kwa gafula: miguu inakazana, na mutu hatembei tena kama mbele. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kwa sababu hii kijana anayekula bukari ya muhogo tu ni mutu wa kuangaliwa sana. Mama, loweka muhogo ndani ya maji siku tatu au zaidi hata ulainike kabisa, kiisha ukaushe vizuri kwa jua. Usifupishe siku kwa sababu ya njaa au soko. Na uchanganye unga wa mihindi, kidogo kidogo.

Hatari ya upande mwingine ni unene. Katika mji, kijana anayependa mandazi, biskuti na sukre, na anayefungiwa ndani ya nyumba siku nzima, ananenepa haraka. Sukari inaleta kuoza kwa meno na mbele inafungua mulango kwa ugonjwa wa sukari. Usitumie bonbon kama mushahara wa kila jambo jema. Umupe muda wa muchezo anaoupenda.

Iko na hatari ya wadanganyifu. Watu wengine wanasema kwamba mutoto akiacha mukate na maziwa, otizimu itakwisha. Hakuna chakula kinachoondoa otizimu, wala majani, wala mafuta ya kupakwa. Chakula chema kinaleta nguvu, usingizi na afya. Hayo yanatosha kumushukuru Mungu.

CHAKULA CHEMA KINAPATIKANA KWETU

Hatuhitaji vitu vya makopo toka ngambo. Tuna vitu hivi:

Vya kujenga mwili: maharagi, soya, karanga, mayai, ndagala na sambaza. Sambaza waliletwa katika Ziwa Kivu toka Ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha maskini na tajiri. Ukiwala pamoja na mifupa yao, wanaleta kalisi kwa mifupa ya kijana.

Vya kulinda mwili: sombe iliyotwangwa na kupikwa sana, lenga-lenga, majani ya maboga, papai, machungwa, mapera, avoka, embe. Mafuta mekundu ya mawese yana vitamini A. Usiyachome hata yawe meupe, maana utaharibu faida yake. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema mutu wa miaka 10 na zaidi ale gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Ni kama mafungu matano, kila fungu likijaza kiganja.

Vya kuleta nguvu: mihindi, viazi, ndizi, muchele, muhogo ulioandaliwa vizuri.

Pamoja na hayo, maji safi ya kunywa mara nyingi, na chumvi yenye iodi, lakini chumvi kidogo.

NAMNA YA KUMUFUNDISHA CHAKULA KIPYA

Nyuma ya kosa langu nilikwenda nyumbani kwa kijana yule kutazama. Aliyenifundisha hapo alikuwa nyanya yake, mama muzee asiyejua kusoma. Alisema: “Munganga, mimi nikianza kutwanga sombe, anatoka ndani na kukaa karibu. Anapenda sauti ya kinu.” Nyanya alimupa muchi mukononi. Kijana alitwanga, na kutwanga, na hakuchoka. Harufu ya sombe mbichi ilimufikia puani kila siku, na hakuna mutu aliyemwambia “kula.” Majuma mengi yalipita. Siku moja alilamba kidole chake. Nyanya hakupiga vigelegele, hakusema neno. Alijua kwamba kelele zitamurudisha nyuma.

Njia yake nimeigawanya kwa hatua, ili kila nyumba iweze kuifuata:

1. Usimunyime chakula anachokula. Hicho kibaki kwa sahani yake kila siku.

2. Chakula kikuje kwa saa zile zile, pahali pale pale, kwa sahani na kikopo chake mwenyewe. Mafasi mara tatu kwa siku, na kitu kidogo mara moja au mbili katikati. Akikula kidogo kidogo muchana wote, hatasikia njaa ya jioni.

3. Kitu kipya ni kimoja tu. Kiwekwe kwa sahani ndogo nyingine, kisiguse bukari yake.

4. Kwanza akione. Kiisha akiguse, akinuse, akilambe, akitie kinywani hata kama anakitema. Kila hatua ni ushindi. Pengine utaweka kitu kile mara kumi na tano mbele ya kukila. Usichoke.

5. Anza na kitu kinachofanana na kile anachopenda. Anapenda bukari nyeupe ya muhogo? Umupe bukari ya muhogo yenye mihindi kidogo. Nyuma ya siku nyingi, unga wa soya kijiko kimoja. Usimudanganye kwa kuficha kitu chenye ladha kali. Akigundua, atakataa hata bukari.

6. Asipigwe, asifunguliwe kinywa kwa nguvu. Chakula kinaweza kuingia katika pumzi na kumuua.

7. Jamaa wote wakule pamoja naye, ikiwa kelele hazimusumbui. Kama zinamusumbua, mutu mumoja akae naye.

Kijana yule leo anakula bukari iliyochanganywa, sombe, mayai, ndizi na papai. Ufizi hautoki damu. Bado hasemi, na maharagi bado hapendi. Hatukuahidi mwujiza, na mama yake anashukuru kwa vitu vitano.

KAZI YA MWILI NA MICHEZO

OMS iliandika katika mwaka 2020 kwamba watoto na vijana wa miaka 5 mupaka 17, na wenye ulemavu pamoja nao, watumikishe mwili dakika 60 kila siku, hata pumzi iende mbio. Na mara tatu kwa juma wafanye kazi ya kutia misuli na mifupa nguvu. Dakika hizo zinaweza kugawanywa: kumi na tano asubuhi, nyingine muchana, nyingine jioni.

Kijana mwenye otizimu anazihitaji sana. Mwili uliotumika unalala vizuri usiku. Tumbo linafunguka. Mahangaiko yanapunguka, na kupiga kichwa kunaweza kupunguka vilevile. Unene haukuji haraka.

Wengi hawapendi mupira wa miguu. Sheria zake zinageuka upesi, watu wanapiga kelele na kusukumana. Usimulazimishe. Tafuta kazi yenye mwendo mumoja unaorudiwa: kutwanga, kulima mustari kwa mustari, kuchota maji, kupasua kuni pamoja na mutu muzima, kupanda mulima, kuruka kamba, kusukuma chukudu penye hakuna motokari. Wengine wanapenda kucheza kwa ngoma kanisani, ikiwa ngoma si ya nguvu sana.

Anza na dakika tano au kumi, kiisha uongeze kila juma. Fanya naye, usimutume peke yake. Chora picha kwa makaa juu ya ubao: kinu, ndoo, njia ya kisima, sahani. Umuonyeshe kila picha kwa kufuatana, ili ajue kazi gani inakuja na itakwisha wakati gani. Kazi ikimalizika, afute picha yenyewe. Kijana anayejua mwisho wa kazi hapigani na mwanzo wake.

Tena mukumbuke kwamba huyu si mutoto mudogo. Ndevu zinaota, sauti inageuka. Umuheshimu kama kijana. Msichana afundishwe mapema kujiangalia wakati wa hedhi, kwa maneno mafupi na picha, ili damu isimushitue.

MAMBO YA KULINDA

Maji. Wengi wanavutwa na maji na hawaoni hatari. Karibu na ziwa au muto asiachwe peke yake hata dakika moja. Kama iko nafasi salama, mutu anayejua amufundishe kuogelea.

Kifafa. Kinapatikana zaidi kwa watu wenye otizimu, na mara nyingine kinaanza katika miaka ya ujana. Akianguka na kutetemeka, umulaze ubavu, usimutie kitu kinywani, umulete hospitali. Kifafa kina dawa. Mwenye kifafa asipande miti, asiingie majini peke yake, asikae peke yake karibu na moto.

Jua na kiu. Wengine hawasikii kiu wala kuchoka. Umupe maji mbele ya kazi, katikati na mwisho, kwa kikopo chake.

Umulete kliniki upesi ukiona haya: anakonda, ufizi unatoka damu, haoni jioni, miguu inakazana, hakwenda choo siku nyingi, au hanywi maji siku nzima. Usingoje siku ya tatu kama sisi.

ELIYA CHINI YA MUTI

Somo hili liko katika 1 Wafalme 19. Eliya alikimbia jangwani, akachoka, akaomba kufa. Mungu hakumukemea kwanza. Alituma malaika kumugusa, na mbele yake kulikuwa mukate juu ya makaa na chupa la maji. Alikula, akalala tena. Mara ya pili aliguswa na kupewa chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kwake. Halafu alitembea siku makumi ine mupaka Horebu. Tazama namna Mungu alivyofuatisha: usingizi, chakula, maji, kutembea, mafundisho yalikuja nyuma. Na malaika hakuchoka kurudi mara ya pili.

Safari ya kijana mwenye otizimu ni ndefu, na ya mama yake vilevile. Ninyi wazee wa kanisa, musiseme tu “tutawaombea.” Mutu mumoja aende kutwanga pamoja na kijana siku ya posho, ili mama alale kidogo. Wamama, pelekeni mayai mawili. Na siku ya Mungu, akitembea toka mulango mupaka dirisha wakati wa mahubiri, mumwache atembee. Nyumba ile ni ya Baba yake pia.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Sababu gani kijana mwenye otizimu anaweza kukataa chakula? Taja tatu.
2. Muhogo uandaliwe namna gani ili usilete konzo?
3. Nyanya alifanya nini ambacho munganga hakukifanya?
4. Kijana atumikishe mwili dakika ngapi kila siku?
5. Katika kijiji chako, ni nani amefichwa nyumbani? Utamutembelea siku gani?